Mzazi, kagua shule ya kibinafsi kabla ya kulipa karo

KILA mwaka unapoelekea ukingoni, kuta za mijini na nguzo za stima kando ya barabara hujaa mabango ya shule za kibinafsi. Baadhi huonyesha watoto waliovalia sare nadhifu wakitabasamu mbele ya kompyuta, mengine huorodhesha alama za watahiniwa bora, na karibu yote huahidi nidhamu, maadili na mazingira mwafaka ya masomo.

Wakati huo huo, wazazi wengi huwa na wiki chache tu za kufanya uamuzi utakaowagharimu pesa nyingi kwa miaka mingi. Zaidi ya pesa, uamuzi huo ndio utakaoamua mtoto atakuwa mikononi mwa nani kuanzia alfajiri hadi jioni, na kwa wale wa mabweni, usiku kucha.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo haimaanishi kwamba kila shule inayojitangaza ni mbovu. Inachomkumbusha mzazi ni kuwa bango ni kauli ya muuzaji, na kwamba yapo mambo ambayo anaweza kuyathibitisha mwenyewe, kwa macho yake na kwa maswali machache, kabla ya kutia sahihi fomu ya kujiunga na shule.

Mambo hayo ni usajili wa shule, walimu wake, usalama wa watoto, jinsi masomo yanavyoendeshwa na uwezo wa mzazi wa kulipa karo hadi mwisho. Jina kubwa la shule haliwezi kuziba pengo la lolote kati ya hayo.

Mwaka wa 2003 ulivyobadilisha mambo

Shule za kibinafsi si jambo geni nchini. Hata hivyo, idadi yake iliongezeka kwa kasi baada ya serikali ya Rais Mwai Kibaki kuanzisha elimu ya msingi bila malipo mnamo Januari 2003.

Idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ilipanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2 katika muda wa mwaka mmoja. Hatua hiyo iliwafungulia milango watoto wengi wa maskini, lakini madarasa na walimu hawakuongezeka kwa kiwango hicho. Isitoshe, tangu 1998 serikali ilikuwa imesitisha kuongeza idadi ya walimu iliowaajiri.

Matokeo yake yalikuwa madarasa yaliyofurika, baadhi yakiwa na wanafunzi zaidi ya 80 mbele ya mwalimu mmoja. Wazazi waliokuwa na uwezo, hata kama ni mdogo, walianza kuwahamisha watoto wao. Katika mitaa ya mabanda kama vile Kibera, Mathare na Mukuru jijini Nairobi, shule ndogo ndogo za mabati zilichipuka na kutoza karo ambayo mfanyakazi wa kibarua angeweza kuimudu.

Kwa hivyo, leo hii jina 'shule ya kibinafsi' hujumuisha taasisi zisizofanana hata kidogo. Ipo shule ya vyumba vinne vya mabati ambako karo hulipwa kidogo kidogo kila wiki, na ipo ya mtaala wa kigeni inayotoza zaidi ya Sh1 milioni kwa mwaka. Maswali ambayo mzazi anapaswa kuuliza katika shule hizo mbili, hata hivyo, ni yale yale.

Cheti cha usajili

Swali la kwanza ni kama shule hiyo inatambuliwa kisheria. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 hairuhusu mtu yeyote kutoa elimu hiyo katika shule ambayo haijaidhinishwa na kusajiliwa. Maombi hupitia kwa bodi ya elimu ya kaunti, na wakaguzi hutakiwa kuzuru shule hiyo kabla ya kuipa idhini.

Mzazi hapaswi kuona haya kuomba aonyeshwe cheti hicho. Katika shule nyingi huwa kimetundikwa ukutani katika ofisi ya mwalimu mkuu. Pale ambapo wasimamizi wanasema kimo benki, kwa wakili au kwa mkurugenzi aliye safarini, mzazi anaweza kuuliza katika ofisi ya elimu ya kaunti au ya kaunti ndogo.

Cheti chenyewe pia sharti kisomwe kwa makini. Jina lililoandikwa ni la shule hii, au ni la tawi jingine lililo mtaa tofauti? Je, idhini hiyo ni ya chekechea pekee, ya shule ya msingi, au inahusu pia sekondari ya msingi, yaani Gredi ya Saba hadi ya Tisa? Ni ya shule ya kutwa au ya bweni? Zipo shule ambazo zilianza kihalali zikiwa na chekechea, kisha zikaongeza darasa moja kila mwaka na hatimaye bweni, bila kurudi kwa wakaguzi.

Mzazi anayepuuza jambo hili huligundua wakati wa mitihani. Shule isiyotambuliwa haiwezi kuwa kituo cha mitihani ya Baraza la Mitihani la Kitaifa, KNEC, na hulazimika kuwasajili watahiniwa wake kwa jina la shule nyingine. Mara kadhaa kumeripotiwa visa vya watahiniwa waliofika asubuhi ya mtihani na kupata kwamba majina yao hayamo kwenye orodha, ilhali wazazi wao walikuwa wamelipa kila senti.

Nani anafundisha?

Majengo hayafundishi. Baada ya cheti, jambo linalofuata ni walimu, na hapa pia sheria inamuunga mkono mzazi.

Sheria ya Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, ya 2012 inasema hakuna anayeruhusiwa kufundisha bila kusajiliwa na tume hiyo. Wengi hudhani sharti hilo ni la walimu wa serikali peke yao. Sivyo. Mwalimu wa shule ya kibinafsi anatakiwa kuwa na nambari ya TSC sawa na mwenzake wa shule ya umma, na Sheria ya Elimu ya Msingi inamwajibisha mwenye shule kuajiri waliosajiliwa.

Sharti hili lina maana kubwa kuliko karatasi. TSC hufuta usajili wa walimu wanaopatikana na hatia ya makosa mazito, yakiwemo ya kuwadhulumu watoto kimapenzi, na huchapisha majina yao. Mwalimu aliyefutwa hawezi kurejea katika shule ya umma. Akitafuta kazi, atabisha hodi katika shule ambayo haiulizi maswali. Mzazi anayemuuliza mwalimu mkuu jinsi anavyowachunguza walimu, madereva, wapishi na walezi wa mabweni kabla ya kuwaajiri anasaidia kuufunga mlango huo.

Swali jingine ni hili: mwalimu wa darasa atakalojiunga nalo mtoto amekuwa hapo kwa muda gani? Katika shule nyingi za kibinafsi mishahara ni midogo, na kila TSC inapotangaza nafasi za kazi, walimu huondoka hata katikati ya muhula. Mtoto wa Gredi ya Kwanza aliyebadilishiwa mwalimu mara tatu kwa mwaka hujifunza kusoma kwa shida, hata kama darasa lake lina vigae na mapazia.

Shule inayowalipa walimu wake kwa wakati huwa haifichi jambo hilo. Janga la corona liliwafunza wazazi somo hili. Shule zilipofungwa mwezi Machi 2020, walimu wengi wa shule za kibinafsi walikaa miezi bila mshahara, na baadhi ya shule hazikufungua tena milango masomo yaliporejelewa kikamilifu Januari 2021. Wazazi waliokuwa wamelipa karo mapema walibaki bila pa kuidai.

Usalama hauna mbadala

Asubuhi ya Jumatatu, Septemba 23, 2019, wanafunzi wa shule ya kibinafsi ya Precious Talents eneo la Dagoretti, Nairobi, walikuwa wameketi madarasani wakati jengo la ghorofa lililoundwa kwa mbao na mabati lilipowaporomokea. Wanane walifariki.

Miaka mitano baadaye, usiku wa Septemba 5, 2024, moto uliteketeza bweni la wavulana katika shule ya kibinafsi ya Hillside Endarasha, Kaunti ya Nyeri. Zaidi ya wavulana 150 walikuwa wakilala katika bweni hilo. Wavulana 21 waliaga dunia.

Wazazi wa watoto hao hawakuwa wazembe. Walilipa karo, wakanunua sare na kuwaaga watoto wao kama mzazi mwingine yeyote. Kilichokosekana ni utekelezaji wa kanuni ambazo zilikuwa zimeandikwa zamani. Baada ya mkasa wa Endarasha, serikali ilikagua mabweni kote nchini na mnamo Novemba 2024 ikaamuru sehemu za malazi katika shule 348 za msingi zifungwe kwa kutotimiza viwango. Maana yake ni kwamba, hadi siku hiyo, watoto walikuwa wakilala humo.

Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka wa 2008 una vipimo ambavyo mzazi yeyote anaweza kuvikagua bila kuwa mhandisi. Nafasi kati ya kitanda na kitanda isipungue mita 1.2, na njia ya kupita iwe na upana wa mita mbili. Bweni liwe na mlango katika kila ncha na mlango wa dharura katikati. Milango ifunguke kwa kusukumwa nje, na iwe na upana wa kutosha watoto wengi kupita kwa pamoja. Madirisha yasiwekwe vyuma.

Mzazi akiingia bwenini, asimame mlangoni na kujiuliza: taa zikizimika na moshi ukijaa, mtoto wa miaka kumi atatokea wapi? Akiona vitanda vimesongamana, dirisha lina vyuma, au mlango wa pili umefungwa kwa kufuli ambayo ufunguo wake uko kwa mtu mmoja, basi amepata jibu lake. Hakuna alama za mtihani zinazoweza kusawazisha hilo.

Ni vyema pia mzazi ajiulize kama mtoto wake anahitaji bweni kamwe. Wapo wanaolazimika, hasa wanaofanya kazi mbali na nyumbani. Lakini mtoto wa miaka minane hupelekwa bwenini mara nyingine kwa kuwa tu majirani wamewapeleka wao, au kwa imani kuwa huko ndiko alama zinakopatikana.

Shule za kutwa nazo zina hatari zake, na nyingi huwa barabarani. Marekebisho ya Sheria ya Trafiki ya 2016 yanataka magari ya kubeba wanafunzi yapakwe rangi ya manjano, na hayaruhusiwi kuwasafirisha kati ya saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri. Mzazi anapaswa kujua kila mtoto ana kiti na mkanda wake, nani mwingine yumo ndani ya basi mbali na dereva, na mtoto wake atachukuliwa saa ngapi.

Swali hilo la mwisho huwashangaza wengi. Basi moja likihudumia mitaa mitano, mtoto wa kwanza kuchukuliwa huamshwa saa kumi na nusu alfajiri na kuzungushwa mjini kwa saa mbili. Kanuni za elimu ya msingi za 2015 zinasema masomo ya shule za kutwa yaanze saa mbili asubuhi na kukamilika saa tisa unusu alasiri, kisha michezo na shughuli nyingine hadi saa kumi na dakika 45. Shule inayotaka watoto wa chekechea wafike kabla ya jogoo kuwika haiwafanyii hisani. Mtoto aliyesinzia hafundishiki.

Mwisho kabisa kuna vyoo. Viwango vya wizara ni choo kimoja kwa wasichana 25 na kimoja kwa wavulana 30. Mzazi ahesabu. Vyoo vichafu na visivyo na maji ya kunawa mikono huonyesha jinsi wasimamizi wanavyowathamini watoto wakati wageni hawapo.

Alama na mtaala

Kwa miaka mingi, mzazi wa Kenya alichagua shule kwa kutazama alama za mtihani wa Darasa la Nane, KCPE. Mtihani huo ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, lakini mazoea hayo bado hayajafa.

Hata enzi hizo, alama za wastani zilificha mengi. Kulikuwa na shule zilizowalazimisha wanafunzi dhaifu kurudia darasa au kuhama kabla ya kufika Darasa la Nane. Nyingine ziliwasajili watahiniwa katika vituo viwili, wale hodari kwa jina linalojulikana na wale wa kawaida kwa jina jingine, ili wastani wa kituo cha kwanza upae. Mzazi aliyeona bango hakuonyeshwa waliofukuzwa.

Aidha, alama za juu hazikuwa tikiti ya moja kwa moja. Mwaka wa 2011, serikali ilipunguza nafasi za watahiniwa wa shule za kibinafsi katika shule za kitaifa kwa kutumia mgao mpya, na watoto wengi waliokuwa na alama za kupigiwa mfano wakakosa nafasi walizozitarajia.

Sasa mfumo umebadilika. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa 2019 haupimi mtoto kwa mtihani mmoja. Tathmini ya mwisho wa Gredi ya Tisa ilifanywa kwa mara ya kwanza mwaka wa 2025, na matokeo yake yanajumuisha sehemu tatu: asilimia 20 hutokana na tathmini ya Gredi ya Sita, asilimia 20 hutokana na kazi zinazofanywa shuleni katika Gredi ya Saba na ya Nane, na asilimia 60 ni mtihani wenyewe.

Mzazi anapaswa kuitafakari sehemu hiyo ya pili. Alama hizo hutokana na kazi ambazo mwalimu huzisimamia, huzisahihisha na kuziwasilisha kwa KNEC. Shule isiyo na walimu wa kutosha wa masomo ya Gredi ya Saba na ya Nane, au isiyozingatia rekodi, humpokonya mtoto alama hata kabla hajaingia katika chumba cha mtihani. Kwa hivyo, badala ya kuuliza 'mlipata wastani gani?', mzazi aulize 'mnaonyeshaje rekodi za tathmini za shuleni, na mzazi huziona lini?'

Kwa sekondari pevu, yaani Gredi ya 10 hadi 12, swali hubadilika tena. Wanafunzi huchagua njia mojawapo kati ya tatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Si kila shule ina njia zote. Mtoto anayetaka uhandisi hafai kupelekwa katika shule isiyo na maabara inayofanya kazi. Mzazi aombe aonyeshwe maabara yenyewe, aone kama kuna maji, gesi na kemikali, au ni chumba chenye kufuli na vumbi.

Shule zinazofuata mitaala ya kigeni, kama ule wa Uingereza, nazo zina mahali pake. Jambo la kuzingatia ni kwamba kuutoka mtaala mmoja na kuingia mwingine katikati ya safari si rahisi. Mzazi anayeanza na mtaala wa kigeni katika chekechea ajiulize kama ataweza kuulipia hadi mwisho wa sekondari. Na neno 'international' kwenye lango halina uzito wowote hadi mtu aulize ni mtihani gani unaofanywa hapo na ni nani anayeutoa.

Lugha na nidhamu

Kuna jambo jingine ambalo huwa halimo katika mabango. Katika shule nyingi za kibinafsi, Kiingereza pekee ndicho kinachoruhusiwa, na mtoto anayepatikana akizungumza Kiswahili au lugha ya mama huadhibiwa au kuvishwa kibao shingoni.

Wazazi wengine hufurahia hilo, wakidhani ni dalili ya ubora. Ilhali sera ya elimu nchini, tangu ripoti ya Tume ya Gachathi ya 1976, imekuwa ikipendekeza mtoto wa madarasa ya chini afunzwe kwa lugha inayotumika mahali shule ilipo. Mtoto hujifunza kusoma kwa urahisi zaidi katika lugha anayoielewa, kisha huuhamishia ujuzi huo katika lugha nyingine. Isitoshe, Kiswahili ni somo linalotahiniwa hadi Kidato cha Nne. Mtoto aliyefunzwa kukionea haya huja kukilipia baadaye.

Adhabu ya viboko ilipigwa marufuku shuleni mwaka wa 2001, na sheria ya 2013 imeweka faini isiyozidi Sh100,000, kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili kwa anayemwadhibu mwanafunzi kwa kumpiga au kumtesa kiakili. Shule inayojigamba kuwa 'hapa tunanyoosha watoto' inapaswa kuulizwa inawanyoosha kwa nini. Shule nzuri itaeleza bila kusita inachofanya mtoto anapokosa, nani huambiwa, na mzazi huitwa lini.

Kwa mzazi wa mtoto mwenye ulemavu au anayejifunza polepole, swali hili ni zito zaidi. Kuna shule zitakazompokea kwa ajili ya karo kisha zimwache nyuma ya darasa. Afadhali shule inayokiri mapema kuwa haina mwalimu wa elimu maalum kuliko inayoahidi yote.

Hesabu ya karo

Kosa linalowaumiza wazazi wengi ni kupima karo ya muhula wa kwanza na kusahau inayofuata.

Chukua mfano wa kubuni wa shule inayotoza Sh30,000 kwa muhula. Usafiri ni Sh9,000 na chakula Sh8,000. Tayari muhula mmoja umefika Sh47,000, na mwaka wa mihula mitatu Sh141,000. Ongeza ada ya kujiunga Sh10,000, sare Sh15,000 na vitabu Sh12,000. Mwaka wa kwanza pekee umefika Sh178,000, ilhali bango lilisema Sh30,000.

Mtoto huyo akisoma hapo kuanzia Gredi ya Kwanza hadi ya Tisa, na vitabu vikinunuliwa kila mwaka kwa bei hiyo hiyo, familia itakuwa imelipa karibu Sh1.4 milioni. Hapo karo haijapanda hata mara moja, hakuna ziara, hakuna masomo ya kompyuta yanayolipiwa kando, na mdogo wake bado hajaanza shule.

Ndiyo maana mzazi anapaswa kuomba orodha kamili ya malipo kwa maandishi, na kuuliza karo ilipandishwa mara ngapi katika miaka mitatu iliyopita. Aulize pia kama anaweza kulipa kwa awamu, na kama pesa hurudishwa mtoto akihama katikati ya muhula. Majibu ya mdomo hayatoshi. Mkurugenzi aliyeahidi leo huenda akauza shule kesho.

Karo inayolipwa kwa mikopo kila muhula humfikia mtoto mwenyewe. Yeye ndiye husimamishwa mbele ya wenzake na kurudishwa nyumbani, na yeye ndiye huhamishwa mara kwa mara kila deni linapozidi. Mtoto aliyetulia katika shule ya wastani kwa miaka tisa huwa mbali kuliko aliyepitia shule tano za kifahari.

Siku ya kuzuru shule

Shule nyingi huwa na siku maalum ya kuwakaribisha wazazi wapya. Siku hiyo vyoo huwa vimeoshwa na maua yamekatwa. Mzazi aende, lakini arudi tena siku ya kawaida, na ikiwezekana mara mbili: asubuhi watoto wanapowasili, na wakati wa mapumziko.

Asubuhi ataona kama kuna mwalimu langoni au ni bawabu peke yake. Wakati wa mapumziko atajua kama watoto wana uwanja wa kuchezea, na kama wakubwa huwaonea wadogo bila mtu kuwakemea. Ataona chakula kinachopakuliwa na wanapokilia.

Akiruhusiwa, atazame madaftari ya wanafunzi watatu au wanne wa darasa atakalojiunga nalo mtoto wake. Hapo ndipo ukweli ulipo. Kazi imesahihishwa lini mara ya mwisho? Mwalimu ameandika maelezo ya kumsaidia mtoto, au ni alama ya vyema juu ya kosa? Madaftari yote yana majibu yale yale yaliyonakiliwa ubaoni?

Kisha azungumze na wazazi wengine, si wale walioteuliwa na shule bali wanaosubiri watoto wao jioni kando ya barabara. Swali moja linatosha: mlipokuwa na lalama, shule ilifanya nini? Hakuna shule isiyo na kasoro. Tofauti huwa kati ya inayosikiliza na inayomwambia mzazi amtoe mtoto wake akiona hapamfai.

Baada ya kuyafanya haya yote, huenda mzazi akagundua kwamba shule ya umma iliyo umbali wa kutembea, yenye mwalimu mkuu mchapakazi na walimu wote waliosajiliwa, inamfaa mtoto wake kuliko zile zote zilizo kwenye mabango. Hilo nalo ni jibu, na si jambo la kuona aibu. Pesa zitakazosalia zinaweza kununua vitabu, chakula bora na siku moja ya wiki ambayo mzazi hatalazimika kufanya kazi ya ziada.

Na akiipata shule ya kibinafsi inayomridhisha, ukaguzi hauishii siku ya kulipa karo. Wiki za kwanza, mtoto aulizwe kila jioni, si alipata alama ngapi, bali aliketi na nani, alikula nini, alicheka wapi na aliogopa nini. Mtoto wa Gredi ya Kwanza hajui lolote kuhusu cheti cha usajili wala nambari ya TSC, lakini anajua kama anataka kurudi kesho.